Mashujaa Ndani ya Plastiki ya Nyama

"Utajuaje kama kitabu kimeharibika humo ndani?"

Nilimwuliza Bwana Lowell Ebbert swali hilo nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesimama jikoni kwake, mikono nyuma, kwa sababu sheria ya kwanza ya nyumba ile ilikuwa mikono nyuma. Juu ya meza palikuwa na mashine ya kufyonza hewa. Hapa Kisiwani, katikati ya mto Ohio, kila nyumba yenye mwindaji ina mashine hiyo. Msimu wa kulungu ukifika watu hukata nyama, huitia kwenye mifuko ya plastiki, mashine hunguruma, hunyonya hewa yote, huunguza mdomo wa mfuko, na nyama inalala kwenye friza hadi mwakani. Siku ile hapakuwa na nyama. Bwana Ebbert alikuwa anatia komiki.

Zilikuwa komiki za zamani, za mashujaa wenye nguvu za ajabu, zilizochapwa kabla mama yangu hajazaliwa. Ile aliyoishika ilikuwa toleo la kwanza la Bwana Tanuru, yule mwenye moto kifuani. Kwenye jalada alikuwa ameinua daraja zima la treni kwa mkono mmoja, na watu chini wakimpungia kofia. Mashine ikanguruma. Plastiki ikajikunja, ikamkaza Bwana Tanuru usoni kama ngozi ya pili, na mimi nikaona kama mtu anayezibwa pumzi. Ndipo nikauliza.

Bwana Ebbert hakujibu. Alipitisha kidole kwenye mshono wa plastiki, akakiweka kitabu juu ya rundo, akasema, "Mpelekee mama yako ile mikate, isije ikapoa."

Lilikuwa jambo geni, maana maswali yangu mengine yote aliyajibu, na mimi nauliza sana. Mama husema nilizaliwa na alama ya kuuliza badala ya kitovu. Kwa hiyo maisha ya Bwana Ebbert nayajua karibu yote. Alizaliwa katika nyumba ile ile, chumba cha mbele, mwaka ambao maji hayakuja. Watu wa Kisiwani huhesabu hivyo. Baba yake alikuwa wa kiwanda cha misumari, naye akaingia huko huko alipomaliza shule, akatoka siku kilipofungwa, akiwa amepungukiwa kidole kimoja.

"Mimi mwenyewe sasa sizidi alama nne," alikuwa akiniambia, akinionyesha ule mkono. "Kona imekatika, mgongo umepinda, rangi imepauka."

Alama hizo, ambazo wakusanyaji hupimia hali ya komiki, ni kumi. Kumi haipatikani, ni kama mtu asiye na dhambi. Tisa ni kitabu kilichotoka dukani kikaingia gizani, kisiguswe. Chini ya hapo ni sisi wengine.

Alipokuwa mtoto alitembeza magazeti asubuhi, na senti alizopata alizipeleka kwenye duka la dawa, ambako komiki zilikuwa zinaning'inia kwenye kizunguko cha waya karibu na mlango. Alizitunza chini ya kitanda. Kisha maji yakaja, ule mwaka ambao hata wazee hawapendi kuutaja, na yalipoondoka komiki zote za chini ya kitanda zilikuwa uji. "Nilizitoa kwa koleo, binti. Koleo la makaa! Mashujaa wote wale, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea." Zilipona chache tu zilizokuwa juu ya kabati, na Bwana Tanuru akiwa mmoja wao. Tangu hapo alianza kununua tena, miaka hamsini, kwenye minada ya makanisa, kwenye magereji ya wajane, kwenye masanduku ambayo watu walikuwa wanakwenda kuyatupa.

Siku moja aliniwekea nakala mbili za toleo moja juu ya taulo safi.

"Haya. Ipi ni ipi?"

Kwangu zilikuwa mapacha.

"Acha kuangalia picha, picha ni ya watoto. Angalia mgongo."

Nikainama mpaka pua ikakaribia taulo. Kwenye mgongo wa mojawapo, pale pini zinaposhika karatasi, palikuwa na vijistari vyeupe vyembamba kama alama za kucha. Kila kimoja, akasema, ni mtu aliyekikunja kitabu nyuma ili asome vizuri. Kona zake zilikuwa zimelegea. Akafungua zote mbili kwa ncha za vidole. Karatasi za moja zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, za nyingine rangi ya maziwa yenyewe.

"Hii ya chai utanunua viatu vya shule. Hii ya maziwa utanunua gari."

"Lakini hadithi si ni ile ile?"

"Ile ile."

"Na ile iliyosomwa sana ndiyo isiyo na thamani?"

"Ndiyo hivyo. Kushikwashikwa ndiko kunakoua thamani."

"Ndiyo maana mimi bado mpya kabisa," akadakia Bibi Arlene kutoka kwenye sinki, na Bwana Ebbert akacheka mpaka akalazimika kuondoka karibu na vitabu, asije akavitemea mate.

Bibi Arlene ni mkewe. Ana kifua kibovu. Mafuriko ya mwaka niliozaliwa mimi yaliingia sebuleni kwao yakafika kwenye swichi za taa, na ukuta ule haukukauka tena sawasawa. Wakipaka rangi wakati wa kiangazi, doa linarudi kabla ya Krismasi, mahali pale pale, na umbo lile lile. Daktari alimwambia dawa yake ni moja tu, kuihama nyumba. Na nyumba ya kuhamia ilijulikana. Ingekuwa kule mlimani, juu ya mji, ambako mto unaonekana kama mkanda tu. Fedha zake nazo zilijulikana zitatoka wapi. Bwana Ebbert alimwahidi kwamba komiki zikiiva, atauza zote kwa mkupuo, kuanzia Bwana Tanuru, na watapanda mlima wasishuke tena.

Madirisha yetu yanatazamana na yao. Kila majira ya kuchipua nilikuwa nasikia.

"Lowell, nipe jibu. Mwaka huu, au mwaka huu?"

"Mwakani, mama. Bei inapanda. Kitabu kikikaa na alama zake tisa mwaka mmoja zaidi, tunapata na gereji."

"Mimi alama zangu zinashuka. Unaziona lakini?"

Kisha kikohozi. Kisha redio ikisoma kina cha mto.

Hapa kwetu, kitu unachokipenda hukiweki chini. Mto ukitangazwa, makochi yanapanda ghorofani, friza inapandishwa juu ya matofali, na vile vya thamani kweli vinaishi darini mwaka mzima, chini ya mabati. Kwa hiyo Bwana Ebbert alipomaliza kuzifunga komiki zake kwenye plastiki ya nyama, alizipandisha darini. Alijivunia sana. "Maji hayafiki, panya hafiki, mkono haufiki," alisema. Kila mtu Kisiwani alimwona mwerevu. Hata mama yangu alifunga vyeti vyetu vya kuzaliwa kwa mashine ile.

Nilipofika miaka kumi na miwili aliniruhusu kupanda. Ilikuwa Agosti. Mtu ambaye hajaingia darini Kisiwani mwezi wa Agosti hajui joto ni nini. Hewa ilikuwa nzito, inakaa mdomoni kama sufu. Aliinua kifuniko cha sanduku, akanionyesha Bwana Tanuru akiwa juu kabisa, amekazwa vile vile. Nikaona vidoti viwili pembeni, kwenye mgongo, pale zilipo pini. Vilikuwa na rangi ya damu iliyokauka.

"Bwana Ebbert, hapa pana doa."

"Vumbi."

Nikapitisha kidole. Vumbi likatoka. Vidoti vikabaki, upande wa pili wa plastiki.

"Ni vivuli vya pini," akasema, akafunga sanduku.

Kiangazi kilichofuata vile vidoti vilikuwa vimeota mikia, vimeteremka mpaka kwenye bega la Bwana Tanuru. Anga nyeupe ya jalada ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mwaka ule ule mwalimu wetu wa kemia alituambia kwamba karatasi za bei rahisi za zamani hutoa asidi polepole, na ukizifungia pasipo hewa, tena kwenye joto, zinajipika kwa asidi yao zenyewe. Nilikimbia kutoka kituo cha basi mpaka barazani kwa Bwana Ebbert nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nilidhani atapanda mbio kwenda kukata zile plastiki.

Alikuwa anamenya viazi, na ganda likawa linaning'inia, halikatiki.

"Ya shule yaache shuleni," alisema kwa sauti ya chini. "Na Arlene usimpelekee."

Sikumpelekea. Lakini tangu siku ile kila nikisikia "mwakani" kupitia dirishani, nilikuwa naliona lile doa likitembea.

Bibi Arlene hakuwa mjinga. Mwaka jana, kwenye mnada wa kanisa, alikutana na mnunuzi wa komiki kutoka Pittsburgh, mtu mmoja aitwaye Dorrance Pell, akamwalika nyumbani bila kumwambia mumewe. Nilikuwapo, nimeleta sahani yao. Bwana Pell alikuwa na taa ndogo nyeupe mfukoni na vidole visafi kama vya daktari wa meno. Bwana Ebbert aliteremsha kitabu kimoja tu, Bwana Tanuru, na hakukiachilia mkononi.

"Haya, tufungue," alisema Bwana Pell.

"Hakifunguliwi."

"Mzee wangu, mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Nihesabu kurasa, niangalie pini, ninuse, basi."

"Unuse?" aliuliza Bibi Arlene.

"Pua haidanganyiki, mama. Komiki nzima inanuka kabati la bibi. Iliyokufa inanuka siki."

"Ukikata plastiki umeshakishusha alama," alisema Bwana Ebbert.

"Plastiki ya nyama inalinda alama gani? Nani alikushauri utie kitabu humu?"

"Maji."

Bwana Pell akawasha taa yake, akainama, akaimulika plastiki mbele na nyuma. Alichukua muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama Bwana Ebbert, alimtazama Bibi Arlene, kisha ukuta wenye doa, kisha Bibi Arlene tena. Akasema tu, "Mkiwa tayari kufungua, nipigieni." Kahawa yake aliiacha imejaa.

"Mbona hakutaja bei?" aliuliza Bibi Arlene gari lilipoondoka.

"Mlanguzi huyo. Anataka tuogope, tuuze bure."

"Nami naogopa," alisema Bibi Arlene. "Tena hajanilipa."

Mwaka huu mwezi wa Machi theluji ya milimani iliyeyuka kwa siku chache, na mvua ikanyesha juu yake. Mto ulianza kupanda Alhamisi. Kwanza unabadilika rangi, kisha unanyamaza. Hilo ndilo huwa linatutisha sisi wa hapa, jinsi unavyonyamaza. Miti mizima ilipita mbele ya baraza letu kama inakwenda kazini. King'ora kililia. Mimi na mama tulipandisha kila kitu ghorofani, na Jumamosi asubuhi boti ya zimamoto ikaja kutuchukua. Ilipofika kwa akina Ebbert maji yalikuwa yameshapita ngazi ya baraza. Bibi Arlene alikuwa amesimama kwenye kiti mlangoni, koti limefungwa mpaka shingoni, mkononi mfuko wa dawa.

"Lowell! Boti imefika!"

Kidirisha cha dari kikafunguka. Uso wa Bwana Ebbert ukatokea, mweupe.

"Nendeni tu! Yataishia ngazi ya tatu ya ndani, nayajua haya!"

"Sikuulizi habari za maji! Nakuuliza wewe!"

"Siwezi kuyaacha masanduku, Arlene. Nyumba yako imo humu!"

"Mama, mkondo hautusubiri," alisema kijana wa zimamoto.

Bibi Arlene alikohoa, akasubiri kikohozi kipite, akatazama juu.

"Basi kaa na nyumba yangu," alisema.

Akaingia kwenye boti. Alikaa kati yangu na mama, na njia nzima mpaka kwenye ukumbi wa shule walikotandika vitanda, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi niligeuka. Kile kidirisha kilikuwa bado wazi, na hapakuwa na mtu.

Maji yaliishia ngazi ya tatu kweli, na darini hapakuingia hata tone. Bwana Ebbert alishuka amekonda, amechafuka ndevu, akiwaambia majirani wote, "Si niliwaambia?" Wengine walimpongeza. Lakini Bibi Arlene alikuwa ameshakwenda kwa dada yake, mlimani, na hakushuka. Matope yalipoanza kukauka alituma ujumbe kwa mama yangu kwamba kule juu anapumua, na kwamba anafikiri.

Alirudi Jumapili moja, mimi na mama tukiwa jikoni kwao tunakwangua tope sakafuni pamoja na Bwana Ebbert. Alivaa mabuti ya mpira. Hakuvua koti. Mkononi alikuwa na mkasi wa jikoni.

"Kilete," alisema.

"Arlene, keti kwanza."

"Kilete hicho chenye moto kifuani. Kama ndiyo nyumba yangu, leo nataka kuingia."

Bwana Ebbert alimtazama mama yangu kana kwamba mama atamwokoa. Mama akaendelea kukwangua. Nilisikia hatua za Bwana Ebbert zikipanda taratibu, zikisimama, zikishuka. Alikiweka kitabu mezani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona taulo chini yake.

Bibi Arlene alikata mdomo wa plastiki. Ukatoka mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi, na harufu ikafuata. Siki, na ndani ya siki harufu ya ule ukuta wa sebuleni. Akavuta. Jalada halikutoka na kitabu, lilibaki limeganda kwenye plastiki, na uso wa Bwana Tanuru ukabanduka vipande vipande. Pini hazikuwapo, palibaki tu mashimo yenye kutu. Akafungua ukurasa wa kwanza, ukavunjika mkononi mwake kama biskuti kavu, tena pasipo kelele. Akaushika wa pili. Nao ukavunjika.

"Vyote?" aliuliza.

Bwana Ebbert alikuwa anatazama mkasi.

"Lowell. Vyote viko hivi?"

Bibi Arlene alingoja. Alingoja mpaka mimi nikaona haya kuwa mle ndani. Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, kidole kimoja kimoja, akajikausha kwenye koti lake, akamwambia mama yangu, si mumewe, "Dada yangu hula mapema. Nisindikize mpaka darajani." Wakatoka. Nilisikia kikohozi chake mpaka kona ya barabara.

Tukabaki wawili. Bwana Ebbert aliketi. Alikuwa anakusanya vipande vya karatasi kwa kiganja, anavisogeza viwe rundo, na kila anapovigusa vinazidi kuwa vidogo. Nikamwuliza tena lile lile nililomwuliza nikiwa na miaka tisa, kwamba angejuaje kama kimeharibika humo ndani. Safari hii alijibu.

"Nilijua, binti. Kiangazi kile kile uliposema pana doa, nilijua. Nilikata kimoja, kile cha chini kabisa, nikanusa, nikakifunga upya. Arlene alikuwa huku chini anaimba, anakata vitambaa vya mapazia ya nyumba ambayo hatujawahi hata kuiona. Ningeshuka nimwambie nini?"